Birongo: Kabla ya kisima kingine, tuulize maji yametoka wapi

Birongo si Turkana. Hapa mvua inanyesha karibu kila mwezi, migomba inajimea yenyewe na mabonde yana chemchemi ambazo nyanya zetu walichota kabla ya mtu yeyote kusikia neno mfereji. Lakini sikiliza wanaojipanga kwa uchaguzi wa 2027. Ahadi ni ile ile ya kaunti kavu: kisima cha mashine, tangi juu ya vyuma, sola, halafu picha ya mheshimiwa akifungua bomba huku kina mama wakipiga makofi.

Sina neno na visima. Ila mbona hakuna anayeuliza hayo maji yanatoka wapi?

Wengi wetu tunawaza kuna mto unapita huko chini, kazi ni kuutoboa tu. Sivyo. Mawe ya Kisii ni magumu na ya kale sana, mengi yalizaliwa na volkano. Maji hukaa kwenye nyufa zake na kwenye tabaka la juu lililooza likawa kama udongo. Ndiyo maana jirani anaweza kupata maji na wewe, hatua chache tu kutoka kwake, ukatoboa vumbi. Na hata ukipata, bado hujui kama ni mvua ya mwezi jana au ya enzi za babu wa babu yako.

Hapo ndipo kemia inaingia. Maji ya mvua hushuka yakiwa karibu matupu. Yakianza kupita kwenye udongo na mawe yanaokota vitu: kalisi, sodiamu, silika, chuma, floridi. Kadiri yanavyokaa chini, ndivyo mzigo unavyozidi kubadilika. Kwa kawaida maji machanga hubeba kalisi zaidi, na yaliyokawia huibadilisha na sodiamu njiani. Pima chemchemi ishirini na visima kumi, weka namba kwenye ramani, na utaanza kuona ni vipi vinakunywa kutoka chungu kimoja na ni vipi havijuani kabisa.

Naivasha ni mfano mzuri. Lile ziwa halina mto unaotoka, na ziwa la hivyo kwenye Bonde la Ufa kwa kawaida hugeuka chumvi kama Nakuru. Naivasha limebaki tamu. Wanasayansi walipima hidrojeni na oksijeni zilizo ndani ya maji. Jua likikausha ziwa, maji mepesi hupaa kwanza na mazito hubaki, kwa hiyo maji ya ziwa yana alama yake. Alama hiyo ilipatikana mpaka kwenye mvuke wa upande wa Olkaria. Ziwa linavuja chini kwa chini na kwenda na chumvi yake. Kule Challa, mpakani na Tanzania, mbinu hiyo ilionyesha kinyume: chemchemi za karibu ambazo ungeapa zinatoka ziwani hupata sehemu ndogo tu ya maji yake humo.

Na ukiruka kemia? Septemba 2013 serikali na UNESCO walitangaza bahari ya maji chini ya Lotikipi, Turkana, iliyoonekana kwa msaada wa satelaiti. Nchi nzima ilishangilia. Baadaye maji yalipopimwa, yakakutwa na chumvi kupita kiwango cha kunywa. Satelaiti inaweza kukuonyesha mahali pa kutoboa, lakini haionji.

Rudi Birongo. Kwetu hofu yangu kubwa si chumvi. Ni choo. Mashamba yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande, kila boma lina choo cha shimo, wengi wako mlimani na chemchemi iko chini. Kloridi na nitrati zikipanda pamoja kwenye chemchemi, shuku choo au zizi. Nitrati ikipanda peke yake, anza kuangalia mbolea. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha nitrati kuwa miligramu 50 kwa lita, kwa sababu ikizidi inaweza kuzuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni. Na kuchemsha, ambako tumefundishwa tangu chekechea, kunaua vijidudu lakini hakuondoi nitrati hata kidogo.

Kuna pia ule ugomvi wa mikaratusi. Tangu waziri John Michuki aagize mwaka 2009 ing'olewe karibu na mito na chemchemi, kila mtu ana msimamo na karibu hakuna mwenye vipimo. Kifaa kama kalamu, cha shilingi elfu chache, kinakwambia maji yanapitisha umeme kiasi gani, yaani yamebeba madini mengi au machache. Pima kila wiki kwa mwaka mmoja. Chemchemi inayoyumba kila mvua ikinyesha inalishwa na maji ya juu juu, na hiyo mizizi ya miti na vyoo vinaifikia haraka. Isiyoyumba, maji yake yametoka mbali. Mimi niliacha chuo na hilo ningeweza kulifanya. Wanafunzi wa sekondari za hapa wangelifanya vizuri zaidi.

Kinachoniudhi ni kwamba sehemu ya kazi imeshalipiwa. Sheria inamtaka mchimbaji aweke rekodi na kuipeleka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, na kisima cha umma kwa kawaida hupimwa maabara kikikamilika. Halafu karatasi inalala kwenye faili. Lakini Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuona habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Kwa hiyo kisima kikifunguliwa wadi yako, piga picha na mheshimiwa ukitaka, kisha andika barua uombe mambo matatu: kina chake, mawe waliyopitia, na matokeo ya maabara.