Upanga Hauhifadhi Lugha

Wapo miongoni mwetu wasomi wanaoamini kwamba historia ya dunia imekwisha kutoa hukumu yake juu ya lugha. Kwa maoni yao, lugha huifuata dola kama mkia umfuatavyo ng'ombe: dola ikipanda, lugha yake hupanda, dola ikianguka, lugha yake huanguka nayo. Na kwa kuwa Kiswahili hakina dola kubwa wala manowari, basi wenye Kiswahili hawana budi kukaa kando. Mwenye nguvu mpishe, husema, na kwa neno hilo hudhani kuwa wamemaliza mjadala.

Hoja hii inajivika joho la historia, lakini historia yenyewe inaikana. Wafalme wa Uajemi wa kale, waliotawala kutoka Misri hadi mipaka ya Bara Hindi, waliendesha sehemu kubwa ya kazi za serikali yao kwa Kiaramu, lugha ambayo haikuwa yao bali ya watu waliokuwa chini yao. Alexander alipoiangusha dola hiyo mwaka 330 K.K., Kiaramu hakikuanguka nayo. Zaidi ya miaka 300 baadaye, hicho ndicho Yesu wa Nazareti alichozungumza na wenziwe. Hali kadhalika, Roma ya Magharibi ilianguka mwaka 476, lakini wanazuoni wa Ulaya waliendelea kuandika kwa Kilatini kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Tutazame sasa upande wa pili, yaani dola iliyosimama huku lugha yake ikizama. Wamanchu waliingia Beijing mwaka 1644, wakaitawala China yote hadi mwaka 1912. Hapana aliyewang'oa madarakani kwa muda wa zaidi ya karne mbili na nusu. Lugha yao ilipewa kila heshima: ilitumika katika hati za serikali, ilitungiwa kamusi, na wafalme wao waliwahimiza vijana wasiiache. Lakini nyumbani, sokoni, na katika elimu iliyompa mtu cheo na sifa, Kichina ndicho kilichofanya kazi. Leo watu wanaojiita Wamanchu ni mamilioni, ilhali waliolelewa katika lugha hiyo ni wazee wachache mno. Jeshi, hazina na kiti cha enzi vyote vilikuwa mikononi mwa Wamanchu, na bado lugha yao ilipotea vinywani mwa watoto wao wenyewe.

Sikatai kwamba upanga umeua lugha nyingi, wala kwamba Kiingereza kilienezwa na merikebu za vita na fedha za mabeberu. Nisemalo ni kwamba upanga waweza kuieneza lugha, lakini hauwezi kuihifadhi. Kinachoihifadhi ni kazi ambayo wenyewe wanaipa.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili umo katika hicho hicho Kiingereza tunachotishwa nacho. Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza. Kwa vizazi kadhaa vilivyofuata, Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana, Kilatini lugha ya kanisa na kumbukumbu, na Kiingereza kilibaki kwa wakulima na watumishi. Mwaka 1362, katika enzi ya Mfalme Edward wa Tatu, ilipitishwa sheria kwamba mashauri mahakamani yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakuelewa yaliyokuwa yakisemwa kwa ajili yao wala dhidi yao. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Tena iliagiza kwamba kumbukumbu za mashauri ziandikwe kwa Kilatini. Nao wanasheria, kwa kuipenda kasumba yao, waliendelea kuandika vitabu vyao kwa Kifaransa kilichochakaa, ambacho Mfaransa mwenyewe angekishangaa. Ilibidi ipitishwe sheria nyingine mwaka 1731, iliyoanza kutumika mwaka 1733, ili lugha ya mkulima ikubaliwe kikamilifu katika mahakama za nchi yake.

Msomaji wa Tanzania hana haja ya kueleshwa zaidi. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, katika mahakama zetu zilizo juu ya mahakama za mwanzo, shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Mshitakiwa aliweza kufungwa kwa hukumu asiyoweza kuisoma. Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na ni hatua ya kupongezwa. Lakini mfano wa mwaka 1362 unatuonya kwamba sheria yaweza kuwapo, na wenye kalamu wakaendelea na mazoea yao.

Katika elimu bado hatujafika hata hapo. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985 na chuo kikuu kuanzia mwaka 1992. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hadi leo mtoto aliyefundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akaambiwa aanze upya kwa Kiingereza. Akinyamaza, huitwa mjinga.

Hapo wapinzani wetu hukimbilia ngome yao ya mwisho: Kiswahili hakina istilahi. Je, Kiingereza cha mwaka 1362 kilikuwa nazo? La hasha. Kilikopa maelfu ya maneno kutoka Kifaransa na Kilatini, hata majina ya hakimu, haki na bunge. Isaac Newton aliandika kitabu chake kikuu mwaka 1687 kwa Kilatini. Mwaka 1704 mtu yule yule akakitoa kitabu chake juu ya nuru kwa Kiingereza. Istilahi hazizaliwi ghalani zikangoja kazi, huzaliwa kazini. Sisi wenyewe tuliyapata maneno rufaa, dhamana na wakili kwa njia hiyo hiyo, na leo hakuna anayeyaona mageni.

Kiingereza tujifunze, tena tujifunze vizuri, kama somo. Lakini mtu asituambie kwamba historia imetuamuru tukipishe. Wajerumani waliotawala nchi hii walikitumia Kiswahili katika utawala wao. Dola yao iliondoka, Kiswahili kikabaki. Hakikubaki kwa hisani ya mtawala, bali kwa sababu wananchi walikuwa wakifanya nacho biashara, ibada na siasa. Kazi iliyobaki ni ya darasani na ya maabara, na hiyo hakuna adui anayetuzuia kuifanya. Kiswahili kikidumaa, wajukuu wetu hawatamuuliza Mwingereza. Watatuuliza sisi.