"Utazoea" si mpango wa kazi

Wasee, leo sina vichekesho. Nimekasirika, tena kwa niaba ya dadangu.

Dadangu ni nesi. Amefanya miaka sita ICU, zile zamu ambapo mashine inalia saa tisa usiku na ni wewe wa kukimbia. Alipomaliza masters akaamua kwenda kufundisha wauguzi. Nyumbani tulichinja kuku. Jumatatu ya kwanza chuoni, mkuu wa idara akampa masomo manne, darasa la watu zaidi ya tisini, na flashi yenye slaidi za mwalimu aliyestaafu. Akauliza ni nani atamwonyesha jinsi ya kutunga mtihani. Akajibiwa, "Sista, utazoea."

Hilo neno nimelichukia kabisa.

Kinachoniuma zaidi, hao hao ndio wanaofundisha Patricia Benner. Kama umesomea uuguzi unamjua. Kwenye kitabu chake cha 1984 alionyesha muuguzi akipanda ngazi tano, kutoka mgeni hadi bingwa. Na alisema hata bingwa akipelekwa mahali asipopajua anaweza kurudi kuwa mgeni. Sasa bingwa wa ICU anaingia darasani kufundisha kwa mara ya kwanza maishani, na hakuna anayekumbuka hizo ngazi. Kwani Benner ni wa kupasia CAT tu?

Najua wakubwa watasema, "Sisi pia tulianza hivyo na tuko hapa." Sawa, mko hapa. Walioacha mmewahesabu? Mtu akitoka mzima kwenye matatu iliyopinduka haendi kuambia abiria mikanda haina kazi.

Na usidhani hii ni shida ya walimu pekee. Dadangu alipewa wanafunzi wa kusimamia kwenye hospitali tatu tofauti, wiki moja, huku darasani anangojewa. Ikafika mahali mwanafunzi anamletea daftari la mazoezi atie saini kwamba ameweka mpira wa mkojo vizuri, na yeye hakumwona akiuweka. Alikataa kutia saini. Mwalimu mgeni mwingine, aliyechoka na asiye na wa kuuliza, angetia. Huyo mwanafunzi mwaka ujao ako wodini usiku, na kitandani ni mamako.

Halafu kuna PhD. Masharti ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 yalisema ukitaka kuwa mhadhiri kamili chuo kikuu, kwa kawaida PhD ndiyo mlango. Sina shida na hilo. Lakini dadangu anaiandika usiku, baada ya kusahihisha, na barua pepe kwa msimamizi wake imekaa miezi mitano bila jibu. Hata huyo msimamizi simlaumu sana, kwa sababu naye amebebeshwa mzigo wa watu watatu.

Ndiyo maana sitaki kusikia "mentorship" kwenye brosha. Nataka kuiona kwenye ratiba. Mwalimu mgeni apewe masomo mawili muhula wa kwanza, si manne. Mkongwe mmoja aketi nyuma ya darasa lake, wapitie mtihani pamoja kabla haujachapishwa, na huyo mkongwe apunguziwe vipindi kwa hiyo kazi. Ukimwambia amlee mgeni kwa muda wake wa chai, hatamlea. Mishahara ni vita vingine, na ni vya kweli. Lakini kukaa na mtu saa mbili kwa wiki hakuhitaji bajeti ya serikali.

Mwaka 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka wauguzi wetu huko. Ni sawa, watu watafute riziki. Sasa niambieni, wanaobaki nani anawafundisha?

Jana usiku nilimkuta dadangu mezani. Upande mmoja kulikuwa na rundo la karatasi za mtihani zisizosahihishwa. Mbele yake kulikuwa na maswali ya NCLEX, ule mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani. Nikamuuliza, "Si ulisema unapenda kufundisha?"

Akasema, "Napenda." Akafungua ukurasa mwingine.