Rangi mpya kwenye rimu isikudanganye

Ukitaka kujua dereva wa Kakamega huegesha gari vipi, usimuulize, atakudanganya. Lizunguke gari lake polepole ukitazama rimu. Za kulia mara nyingi ni safi. Za kushoto, hasa ya nyuma, zimeguguna saruji hadi zimetoa meno. Si ajabu. Kenya tunaendesha upande wa kushoto na dereva ameketi kulia, kwa hivyo ukingo wa barabara uko upande ule asiouona. Anakadiria tu. Anasikia "krrrr", anakunja uso, anapunguza sauti ya redio kana kwamba redio ndiyo iliyokwaruza.

Naandika kuhusu rimu kwa sababu sisi vijana tunazipenda kuliko hata injini. Mtu ananunua gari lililotumika Japani, halijamaliza mwezi mtaani Amalemba, sevisi bado, bima ni ile ya bei ya chini kabisa, lakini rimu zishabadilishwa. Sina shida na hilo. Gari ni lako na chapaa ni zako. Shida yangu ni hii: kuna mkwaruzo na kuna ufa. Mkwaruzo ni aibu ndogo. Ufa unaweza kukuzika. Na mara nyingi vyote viwili huishia kwa fundi yule yule, hupakwa rangi ile ile ya fedha, na hutoka viking'aa sawasawa. Wewe unalipa, unapiga picha, unapandisha mtandaoni, na hujui kilicho chini ya hiyo rangi.

Kwanza tuzungumze kuhusu kwa nini rimu zinaumia hivi. Sikumaliza chuo, lakini hesabu ya tairi haihitaji digrii. Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi lako. 195/65R15, saizi utakayoikuta kwenye Premio na Allion nyingi, maana yake ni kwamba tairi lina upana wa milimita 195, kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 15. Asilimia 65 ya 195 ni karibu milimita 127 za mpira kati ya rimu na lami. Sasa jamaa anayatoa hayo, anaweka 225/40R18 ili gari "lisimame". Asilimia 40 ya 225 ni 90. Kimo cha gurudumu zima hakijabadilika, tofauti haifiki hata milimita 3, ndiyo maana linaonekana kuingia vizuri. Kilichotokea ni kwamba rimu imekua na mpira umepungua kwa karibu milimita 37. Hizo 37 ndizo zilizokuwa zikipokea pigo la shimo kwa niaba yako. Isitoshe, tairi lenye ubavu mfupi halifuri sana nje ya rimu, kwa hivyo ukikaribia ukingo, kinachogusa saruji kwanza ni aloi.

Na hii ni Kakamega, bro. Hapa jua huwaka asubuhi yote halafu alasiri anga linafunguka kama bomba lililopasuka. Kila shimo linajaa maji na huwezi kujua ni la kina cha kidole au cha goti. Kingo nazo zinazama. Kama lazima upendeze, kaa kwenye inchi 16. Tairi la 205/55R16 linakuachia takriban milimita 113 za mpira na bado rimu inaonekana. Najua kuna watakaosema 16 ni za wazee wa kanisa. Wazee wa kanisa hawalali barabarani Khayega wakisubiri kuletewa tairi.

Upepo pia tunaudharau. Fundi wa pancha analipiga tairi teke, anasema "iko sawa", unampa chai yake, unaondoka. Teke si kipimo. Kwenye magari mengi kuna kibandiko karibu na mlango wa dereva kinachosema tairi linahitaji upepo kiasi gani, na hupimwa gari likiwa limepoa, si baada ya kutoka Mumias kwa kasi. Tairi lililolegea linabonyea hadi rimu inakutana na ukingo wa shimo moja kwa moja. Hapo ndipo rimu hupinda, na mara nyingi ni upande wa ndani, ule usiouona ukiwa umesimama kando ya gari na simu mkononi.

Kuhusu kuegesha, inamisha kioo cha kushoto hadi uone gurudumu la nyuma na ukingo kwa pamoja. Watu wengi wenye vioo vya umeme hawajawahi kugusa hicho kitufe tangu gari litoke Mombasa. Ukishaona, acha nafasi ya shubiri mbili. Hakuna askari wa kaunti atakayekukamata kwa kuacha shubiri mbili. Ukikata kona ya kuingia kituo cha mafuta, kumbuka gurudumu la nyuma halifuati njia ya lile la mbele, hukata ndani zaidi. Ndiyo maana la mbele linapita salama na la nyuma linakwaruza. Panua kona kidogo, basi.

Kuna wale wa kupanda juu ya njia ya wapita kwa miguu ili waegeshe mbele ya duka. Kwanza, hapo ni pa mama anayetembea na mtoto, si pako. Pili, unapopanda kwa mshazari unausugua ubavu wa tairi na mdomo wa rimu kwenye saruji mwanzo hadi mwisho. Unalipia ubaya wako mwenyewe.

Haya, umeshakwaruza. Ukipitisha kidole unasikia tu ukali kwenye mdomo wa rimu, hakuna pengo, gari halitetemeki, upepo haupungui. Huo ni mkwaruzo, na unaweza kuurekebisha mwenyewe Jumamosi moja nyumbani. Anza mapema, maana rangi na mvua ya alasiri haviivani. Hata kabla ya tone kuanguka, unyevu hewani unaweza kuifanya rangi ya juu iwe na ukungu mweupe kama maziwa.

Osha rimu kwa sabuni hadi ile vumbi nyeusi ya breki iishe, kisha ipanguse kwa spiriti isibaki na grisi. Hapa ndipo wengi huharibu. Rangi haishiki juu ya grisi, utaibandua kwa ukucha wiki ijayo. Chukua pakiti ya karata za kucheza, uzichomeke moja moja kati ya tairi na rimu kuzunguka duara lote. Zinauzuia mpira usipakwe rangi na ni rahisi kuliko kuhangaika na gazeti na gundi. Tumia msasa namba 240 kuondoa meno yale makali, ukisugua aloi tu bila kugusa tairi. Ingia 400. Kama umebaki mfereji mdogo wa kina kisichozidi milimita moja hivi, jaza puti ya chuma, iache ikauke kabisa, kisha sugua tena, na umalizie na 800 iliyoloweshwa maji hadi kidole kisihisi mpaka kati ya puti na aloi. Kidole ni hakimu mkali kuliko jicho. Halafu praima, rangi, na mwisho ile rangi angavu mafundi huita klia. Kila moja ipulize kidogo kidogo, tabaka jembamba, ukingoje kama dakika 15 kabla ya jingine. Ukipuliza kwa pupa inatiririka, na michirizi ya rangi kwenye rimu ni mibaya kuliko mkwaruzo wenyewe.

Usiuache mkwaruzo miezi mingi ukidhani aloi haishiki kutu. Kweli haishiki ile kutu nyekundu ya chuma, lakini pale rangi ilipotoka, maji huingia chini ya klia na kutengeneza mistari myeupe kama njia za minyoo. Ikifika pale tairi linapokaa kwenye rimu, upepo unaanza kupotea polepole na utamlaumu fundi wa pancha bure.

Zile rimu zenye uso uliochongwa ukang'aa kama kioo, zenye vijistari vyembamba sana ukizitazama juani, usizijaribu na msasa. Zile hurudishiwa sura kwa mashine ya kuchonga, na kila zikichongwa hupungua kidogo, kwa hivyo haziwezi kurudi mashineni kila mwaka. Ama utafute mwenye mashine, ama ukubali zipakwe rangi ya kawaida.

Sasa ufa. Hapa utani umeisha.

Rimu ya chuma ya zamani, ile nyeusi ya pikapu, ikipinda fundi huigonga nyundo ikarudi, na safari ikaendelea. Aloi si hivyo. Rimu nyingi za aloi ni alumini iliyochanganywa na silikoni na magnesi, na nguvu yake haitokani na mchanganyiko peke yake. Kiwandani hupashwa moto hadi nyuzi 500 na zaidi, ikapozwa ghafla, kisha ikapashwa tena kwa moto mdogo kwa saa kadhaa. Ni kama chapati, unga ni ule ule lakini moto ndio unaoamua. Fundi anapochomelea ufa, au anapoielekezea rimu iliyopinda mwali wa gesi ili ilainike aigonge, anauvuruga ule upishi wa kiwandani. Pale karibu na kichomeleo aloi inakuwa dhaifu kuliko ilivyokuwa. Na alumini haina ustaarabu wa chuma wa kubadilika nyekundu ikionya kwamba moto umezidi. Huyeyuka kwa nyuzi 660 na bado haijakuonyesha rangi yoyote.

Kisha msasa, puti, praima, rangi, klia. Inapendeza. Unaifunga, unamchukua shosh na wadogo zako, mnateremka kutoka Kiboswa kuelekea Mamboleo, na pale mteremkoni mnalikuta shimo.

Kwa hivyo kabla ya rangi yoyote, hakikisha. Gari likiwa juu ya jeki iliyotulia, zungusha gurudumu kwa mkono na utazame mdomo wa rimu kama unayumba. Geuza rimu uone upande wa ndani kwa tochi. Paka maji ya sabuni kuzunguka mdomo na kwenye alama yoyote inayotiliwa shaka. Mapovu yakitoka pasipo na pancha, kuna ufa. Kuna pia dawa nyekundu inayopuliziwa juu ya aloi safi, ikapanguswa, kisha ikapuliziwa poda nyeupe. Penye ufa, mstari mwekundu hujitokeza kwenye weupe. Waliosomea uchomeleaji wanaijua hiyo. Ukikuta ufa kwenye mkono wa rimu, kwenye kitovu karibu na nati, au kuvuka sehemu tairi linapokaa, usitafute fundi. Nunua nyingine.

Na unaponunua nyingine ambayo imetumika, kataa iliyopigwa rangi jana. Hili naliandika kwa wivu kabisa. Rimu yenye mikwaruzo yake ya uaminifu ni bora mara mia kuliko ile inayong'aa ndani na nje. Nani hupaka rangi upande wa ndani wa rimu kwa ajili ya urembo? Nani anauona? Muulize muuzaji hivyo kisha unyamaze, umtazame. Akikasirika, wewe panda bodaboda uende zako.

Mafundi nao wana lao. Sisemi jua kali ni wabaya. Wengi wao ni rika letu, na wengine wametoka Sigalagala na vyeti vyao wakakosa kazi, wakajiajiri. Lakini fundi anayejiheshimu angemwita mteja aione rimu ikiwa uchi, kabla ya puti, na angekataa kazi ya ufa hata kama njaa inauma. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari litunzwe katika hali isiyohatarisha watu barabarani, na ikizunguka na rimu iliyopasuka ni wewe mwenye gari utakayeulizwa, si yeye. Mwambie akupigie picha ya kila hatua. Simu anayo. Ukimpata anayekubali bila kununa, mlipe vizuri na umtangaze mtaani kote.

Kaunti nayo ipake kingo upya zile rangi nyeusi na nyeupe. Usiku wa mvua, ukingo uliofifia haupo mpaka uusikie.

Rimu ikirudi kwenye gari, peleka ikabalansiwe, kwa sababu hata puti na rangi vina uzito. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, moja kisha ile inayoielekea, si kwa kuzunguka duara. Na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hivi, ambayo ni kama kutoka Kakamega hadi Kisumu. Ukifika huko, kabla ya samaki, toa spana kwenye buti na uzikaze.