Mwezi na Kontra



Juma lililopita tulibishana ku meza ya chakula. Mimi nilisimulia habari ya Firefly, sosiete ya watu binafsi ya Marekani. Tarehe 2 Machi 2025 ilishusha mashini yake juu ya mwezi, bila mtu ndani. Mashini ilisimama vizuri, ikafanya kazi siku 14 hivi. Mwaka uliotangulia, tarehe 22 Februari 2024, mashini ya sosiete ingine, Intuitive Machines, ilifika pia, lakini ililala upande.

Rafiki mmoja akacheka: «Wee, kura yenyewe inakatika kila magaribi. Mambo ya mwezi inatuhusu nini?»

Ile siku nilinyamaza. Leo ninamjibu: inatuhusu, tena sana.

Sosiete ya roketi ilifika kwetu zamani. Mwaka 1975 Mjerumani mmoja, Lutz Kayser, alianzisha sosiete OTRAG. Alitaka kupeleka satelite juu kwa bei ndogo. Serikali ya Zaire ikamupa ardhi kaskazini ya Shaba, upande wa mto Luvua: kilometa za mraba 100.000, zaidi ya mara tatu ya nchi ya Ubelgiji. Kontra ilikuwa ya kufika mpaka mwaka 2000. Roketi tatu zilirushwa: tarehe 17 Mei 1977, 20 Mei 1978 na 5 Juni 1978. Ile ya tatu ilianguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Mwaka 1979 kontra ikavunjwa, na OTRAG ikahamia Libya.

Wazee wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji alipona nini? Mtoto gani wa kwetu alijifunza kutengeneza roketi pale? Mimi simujui hata mmoja.

Na hii haikuwa mara ya kwanza. Shinkolobwe iko karibu yetu hapa Likasi. Uranium yake ilitumika kwa bomu za Marekani za mwaka 1945. Jiwe lilitoka kwetu. Elimu ya lile jiwe ilibakia kwa wengine.

Sisemi tuchukie wale ma-injeniere. Hapana. Wanaanguka, wanasimama, wanajaribu tena. Hiyo ni ya kufuata. Lakini tuangalie na karatasi zao. Mapatano ya mwaka 1967 yanasema hakuna nchi inayoweza kujitwalia mwezi. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 2015 inaruhusu sosiete zake kuwa na mali watakayochimba kule juu. Unaona? Mbele ya kuchimba, wameisha kuandika. Sisi watoto wa mji wa migodi tunajua vizuri: asiyesoma karatasi anabakia na shimo.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Sisi wanafunzi, tusikimbie saa ya fizikia na hesabu, hata kama hakuna labo. Ubao na chaki vinatosha kwa kuanza. Na ninyi walimu, mutufundishe pia namna ya kusoma kontra, mstari kwa mstari.

Siku ingine sosiete itakuja tena kuomba ardhi. Ile siku, nani wa kwetu atakaa ku meza na kuelewa vile wanasema?

Mwanafunzi wa mwaka wa tano