Karata ya Nairobi kuhusu Sudan yamfikia mkulima wa Kapsoit

KAPSOIT, kituo cha biashara karibu na mji wa Kericho, kwenye njia panda ya Kisumu na Sondu, si mahali ambapo mtu angetarajia kusikia habari za Khartoum. Mazungumzo ya hapa ni kilo za majani mabichi, mbolea na bonasi. Hata hivyo, tangu Machi 2025 Khartoum imo ndani ya hesabu ya mkulima, apende asipende.

Mwezi huo serikali ya kijeshi ya Sudan ilipiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya, chai ikiwemo. Kisa kilikuwa mikutano ya Februari jijini Nairobi, iliyofunguliwa katika jumba la KICC, ambako kundi la RSF, linalopigana na jeshi la Sudan tangu Aprili 15, 2023, na washirika wake walitia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Mkuu wa kundi hilo, Mohamed Hamdan Dagalo maarufu kama Hemedti, alikuwa amekaribishwa na Rais William Ruto Januari 2024. Nairobi ilijitetea kuwa ilitoa ukumbi wa kutafuta amani tu. Khartoum iliona uungaji mkono, ikamwita nyumbani balozi wake, kisha ikafunga soko.

Ughaibuni, uungaji mkono wa namna hii sasa huuzwa na kununuliwa. Katika soko la ubashiri la Polymarket, lililoanzishwa Marekani mwaka 2020, watu hununua hisa za "ndiyo" au "la" kuhusu jambo litakalotokea. Hisa ikiuzwa senti 30, soko linaona uwezekano wa asilimia 30. Jambo likitimia, mwenye hisa hulipwa dola moja, lisipotimia hapati kitu.

Oktoba 2025, saa chache kabla ya kiongozi wa upinzani wa Venezuela, María Corina Machado, kutangazwa mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, bei ya hisa zake ilipaa ghafla, na wakuu wa tuzo hiyo wakaanza kuchunguza iwapo siri ilivuja. Januari 3, 2026, Marekani ilipomkamata Nicolás Maduro, wengi walidhani Machado angekabidhiwa nchi. Rais Donald Trump akasema mama huyo hana heshima wala uungwaji mkono wa kutosha nyumbani.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa masoko haya. Kandanda huchezwa mbele ya umma. Uamuzi wa kumuunga mkono mpinzani wa nchi jirani hukaa kifuani mwa mtu mmoja na masikioni mwa wachache walio karibu naye. Hao ndio wenye nafasi ya kuvuna.

Lakini angalau mnunuzi wa hisa anajua kwamba anacheza. Mkulima wa Kapsoit hakuweka dau lolote, na hasara ikamfikia. Si haki kuibebesha Sudan lawama yote: bonasi ya 2025 ilishuka magharibi ya Bonde la Ufa pia kwa sababu ya ubora wa majani na kuimarika kwa shilingi, kwani chai ya mnada wa Mombasa huuzwa kwa dola. Ila mnunuzi mmoja akiondoka mnadani, bei haipandi.

Desemba 2015, Ruto akiwa naibu wa rais, alimpigia kampeni Yoweri Museveni huko Kapchorwa, miongoni mwa Wasebei, jamaa za Wakalenjin. Karata hiyo haikuwa na gharama, kwani aliyeungwa mkono ndiye aliyekuwa madarakani. Ya Hemedti ilikuwa tofauti, na Kericho, iliyompa Ruto zaidi ya asilimia 90 ya kura mwaka 2022, haikuulizwa.

Mnunuzi mkubwa zaidi wa chai ya Kenya ni Pakistan, iliyomtia gerezani Imran Khan Agosti 2023. Nairobi ikiwahi kufikiria kusema neno juu yake, Kapsoit ingependa kujulishwa mapema.