Salongo haitoi choo kilichojaa

Wandugu vijana wa Bunia,

Mvua kubwa ikianza usiku, katika avenyu yetu kuna watu wanaoamka kwenda kufungua choo. Wanatoboa tundu upande wa chini, maji ya mvua yanabeba yote mpaka kwenye kanivo, na kanivo inapeleka Nyamukau. Asubuhi choo kimepungua. Huko chini mama mmoja anafua nguo za mtoto, mwingine anajaza bidoni ya kuoshea vyombo.

Hatutaji parseli ya mtu, kwa sababu wengi wetu tunapanga katika parseli za namna hiyo: familia saba, choo kimoja, kimejaa. Mwenye nyumba anasema hana tena pa kuchimba. Ni kweli, tumepima wenyewe. Bei ya gari la kunyonya tuliuliza, tukabaki kucheka tu.

Mwaka uliopita mtoto wa jirani, hata miaka mitatu hajatimiza, aliharisha siku mbili. Tulichanga franka usiku, motari mmoja akambeba bila kudai kitu. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini fakturi ya matibabu mama yake aliilipa kwa miezi mine, akiuza mihogo. Ile pesa nayo ni kodi, wandugu, hata kama hakuna aliyemwandikia risiti ya leta.

Kila mara tunaambiwa: fanyeni salongo. Tunafanya. Lakini salongo inaondoa majani na plastiki. Haiwezi kujenga mfereji mkuu wa mji, wala kununua kiwanja cha kumwaga na kusafisha uchafu wa vyoo. Hiyo ni kazi ya bajeti. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka mpaka wabunge wa London wakashindwa kufanya kazi, ndipo pesa za mifereji zikapatikana haraka. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuua maelfu mbele ya pale, lakini harufu ndiyo iliyofika puani mwa wakubwa. (Labda tuombe ofisi za jimbo zihamie kando ya Nyamukau.)

Watatujibu: kuna vita. Tunajua, tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi. Lakini ni vita hiyohiyo inayofanya choo kisiweze kungoja. Watu walikimbia Djugu tangu mwisho wa 2017, wengine wakatoka Irumu, Boga na Tchabi. Mji umejaa, vyoo ni vilevile. Wazee wanakumbuka Goma ya 1994: wakimbizi kutoka Rwanda walikufa kwa makumi ya maelfu ndani ya wiki chache, kipindupindu na kuhara damu, bila risasi hata moja.

Na tusiambiwe kama ni hasara. Shirika la Afya Duniani lilipiga hesabu mwaka 2012: kila dola 1 inayowekwa katika vyoo na mifereji inarudisha dola 5 na nusu, kwa matibabu yasiyolipwa na siku za kazi zisizopotea. Sisi tuko na diplome, tunauza yuniti za simu kando ya barabara. Mifereji inahitaji wapimaji, wajenzi, madereva, wahasibu. Tuko hapa, tunakosa tu wa kutuita.

Katiba, kifungu cha 175, inapea majimbo 40% ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao. Kinshasa iache hizo pesa zibaki, na jimbo lituonyeshe kwa karatasi: mwaka huu ni franka ngapi za vyoo na mifereji ya Bunia, katika komini gani, na uchafu utamwagwa wapi. Kama jibu ni sifuri, waandike sifuri.

Jumatatu asubuhi tunapeleka barua kwa ofisi ya meya. Kila mmoja aje na bidoni moja ya maji ya Nyamukau, imefungwa vizuri. Tutaziacha pale mlangoni, pamoja na barua.