Mafunzo ya Mtandaoni na Lugha ya Mfanyakazi
Kumfunza mfanyakazi kwa mtandao si jambo la kubezwa. Mwaka 2005 shirika la AMREF lilianza kuwafunza wauguzi wa Kenya kwa kompyuta, wapate diploma pasi na kuziacha wodi zao. Kinachonikera ni lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 chakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi sawia na Kiingereza. Mbona basi mpakiaji wa ghalani afunzwe kanuni za usalama kwa Kiingereza cha mawakili? Hubonyeza tu hadi mwisho, akapewa cheti, na mwajiri akaridhika. Siku asidi itakapomwagika, atajuaje la kufanya? Istilahi tunazo, na wahitimu wa Kiswahili wasio na ajira ni wengi mno. Waajiri wawape masomo hayo wayatafsiri, mtihani nao uwe kwa lugha itumikayo ghalani.